Wavu wa Kuchomea Nyama: Jinsi ya Kuusafisha kwa Vitu vya Nyumbani

Hapa kwetu Masisi na Walikale, nyama ya kuchoma ni chakula cha furaha. Siku ya soko moshi wa makala huonekana toka mbali, na harufu ya mbuzi humwita msafiri kabla hajamwona muuzaji. Siku ya arusi, siku ya shukrani ya mavuno, siku mgeni anapofika kutoka Goma, watu huwasha moto uani, huweka wavu wa chuma juu ya mbabula au juu ya pipa lililopasuliwa, na kuchoma. Huko juu milimani ni mbuzi na ng'ombe. Huko chini mwituni ni kuku na samaki pia.

Watu wakiisha kula, masahani huoshwa na sufuria husuguliwa hata zing'ae. Lakini wavu je? Wavu huachwa nje. Mafuta yaliyomwagika juu yake huganda, vumbi hushika juu ya mafuta, na usiku panya hupita. Siku nyingine mwenye wavu huuchukua tena, huutia motoni, na kusema, "Moto utausafisha." Katika somo hili tutaona kama neno hilo ni la kweli. Kisha tutajifunza kuusafisha wavu vizuri kwa vitu vilivyomo nyumbani, bila kununua dawa yo yote ya bei kubwa.

JE, MOTO PEKE YAKE HAUTOSHI?

Ni kweli kwamba moto mkali huua vijidudu vya ugonjwa. Lakini tazama vizuri namna watu wanavyochoma. Katikati ya wavu pana moto sana, lakini kando ni vuguvugu tu, na mpini ni baridi. Tena watu wenye njaa hawangojei. Makala yanaanza kushika, na nyama imekwisha wekwa juu ya chuma ambacho hakijapata moto. Tena uchafu wa siku nyingi ni kama blanketi nene. Juu unaungua, na chini yake unabaki jinsi ulivyo. Kwa hiyo moto ni msaidizi mzuri wa usafi, lakini hauwezi kazi yote.

UBAYA WA MAFUTA YA ZAMANI

Kwanza, mafuta huita wageni wabaya. Panya, mende na inzi hupenda mafuta ya nyama kuliko sisi. Inzi atokaye chooni hutua juu ya wavu kwa miguu ile ile. Mbwa huulamba. Vijidudu vya kuhara husafiri kwa njia hiyo, na anayeumia kwanza ni mtoto mdogo, maana mwili wake hukauka upesi akiharisha.

Pili, mafuta yaliyooza huharibu ladha ya nyama mpya. Muuzaji aliyenunua mbuzi mzuri kwa fedha nyingi huipoteza faida yake juu ya wavu mchafu. Mteja hasemi neno. Siku ya soko ijayo huenda kwa jirani.

Tatu, mafuta ya zamani yakiungua hutoa moshi mzito mweusi. Katika moshi huo mna vitu vinavyoweza kuleta kansa, navyo hushika juu ya nyama. Mwaka 2015 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliokutana Lyon, Ufaransa, walisema kwamba nyama nyekundu, kama ya ng'ombe na mbuzi, yaelekea kuleta kansa ya utumbo kwa wale waliao nyingi sana. Walieleza pia kwamba kuchoma nyama juu ya moto mkali hutengeneza vitu hivyo vibaya. Hatusemi usile nyama ya kuchoma. Twasema usiile pamoja na masizi ya mwezi uliopita. Tena mwenye kuchoma huuvuta moshi huo kutwa, kuliko mteja ye yote.

Nne, mafuta mengi yaliyoganda huweza kushika moto ghafula. Mwali hupanda juu kupita kichwa cha mtoto aliyekaribia kuomba kipande. Upepo wa milimani ukivuma, mwali hufika kwenye nyasi za paa au kwenye nguo ya mama. Kidonda cha moto huchukua majuma mengi kupona, na makovu yake huweza kukunja mkono wa mtoto maisha yake yote.

KWA NINI MAJI BARIDI HUSHINDWA

Umeona mwenyewe: ukila mbuzi usiku wa baridi, mafuta huganda mdomoni na juu ya sahani. Mafuta ya mbuzi huyeyuka katika joto kubwa kuliko joto la mwili wako. Kwa hiyo ukiosha wavu kwa maji ya kisimani, hasa huko juu Masisi ambako asubuhi ni baridi kali, unayagandisha mafuta zaidi. Utasugua mpaka mkono uchoke, nayo yatahama tu toka hapa kwenda pale.

Vitu vitatu huyashinda mafuta: joto, ambalo huyayeyusha, kitu kikali cha namna ya magadi au majivu, ambacho huyalegeza na kuyageuza, na kusugua. Ukitumia kimoja tu utachoka. Ukitumia vyote vitatu kwa taratibu, kazi ni fupi.

MAJIVU NI DAWA YA MAFUTA

Mababu zetu walisafisha vyungu kwa majivu kabla sabuni ya dukani haijafika. Hawakukosea. Majivu ya kuni yana chumvi kali iitwayo potasi. Chumvi hiyo ikikutana na mafuta katika maji ya moto, sehemu ya mafuta hugeuka kuwa sabuni laini, na sehemu nyingine hulegea na kuachilia chuma. Ndiyo maana ukisugua sufuria yenye mafuta kwa majivu, mikono huteleza kama umeshika sabuni. Majivu ya maganda ya ndizi na ya mabua ya maharagwe yana potasi nyingi sana.

Mtu aliyeeleza vizuri jinsi mafuta yanavyogeuka sabuni ni Mfaransa Michel-Eugène Chevreul, katika kitabu alichotoa mwaka 1823. Aliishi miaka 102. Katika Kongo nako sabuni ina historia kubwa. Mwaka 1911 kampuni ya Mwingereza William Lever ilipewa mashamba ya michikichi katika nchi hii, ili mafuta ya mawese yatumike kutengeneza sabuni huko Ulaya. Watu wengi waliteswa kwa kazi hiyo ya kuchuma mawese. Basi ukipaka majivu juu ya wavu wenye mafuta, unafanya kwa udogo kazi ile ile ya kiwanda, tena kwa vitu ambavyo ungevitupa.

Huko Kenya na Tanzania watu hutumia magadi kwa kazi kama hii. Kwetu, bikarbonati ya kutilia mandazi yaweza kusaidia, lakini inanunuliwa, na nguvu yake ni ndogo kuliko ya majivu. Majivu yako jikoni bure.

VITU VYA KUTAYARISHA

Majivu meupe ya kuni au makala, vikombe viwili, yaliyochekechwa ili yasiwe na misumari wala vipande vya makala. Usitumie majivu ya plastiki, ya mbao zenye rangi wala ya takataka za barabarani.

Maji ya moto, sufuria moja.

Sabuni ya kipande, ile ya kufulia nguo.

Magunzi ya mahindi matatu au manne yaliyokauka. Gunzi ni brosi nzuri isiyo na bei. Dodoki pia lafaa.

Jiwe jepesi lenye matundu, lile watu wanalosugulia visigino. Katika nchi yetu ya volkano mawe ya namna hii hayakosekani.

Kipande cha bati au kisu kikuukuu cha kukwangulia.

Ndimu moja, kama ipo.

Kitambaa safi, na mafuta ya mawese kijiko kimoja.

Mifuko miwili ya plastiki ya kuvaa mikononi, maana majivu yenye maji huchoma ngozi.

KAZI YENYEWE

1. Anza wavu ungali na joto. Nyama ikiisha kutoka, acha wavu juu ya makala yanayozimika kwa robo saa. Mafuta mabichi yatayeyuka na kudondoka, na mabaki ya nyama yatakauka. Kisha uondoe kwa koleo au kwa kitambaa kinene. Weka watoto mbali.

2. Kwangua. Wavu ukipoa kiasi cha kuweza kushikwa, kwangua mabaki makubwa kwa bati au kisu. Fanya hivyo juu ya karatasi au jani la mgomba, kisha uyatupe shimoni na kuyafukia. Usiyatupe uani, maana utakuwa umewaandalia panya meza.

3. Paka majivu. Vaa mifuko mikononi. Changanya majivu na maji ya moto kidogo kidogo mpaka yawe mazito kama uji wa mtoto. Paka pande zote mbili za wavu, na usisahau kando na mpini. Funika kwa majani ya mgomba usikauke. Acha kwa nusu saa. Kama uchafu ni wa miezi mingi, acha usiku kucha mahali ambapo mtoto na kuku hawafiki.

4. Sugua. Chovya gunzi katika maji ya moto na kusugua kila waya, upande wa juu na wa chini. Mahali palipo sugu jeusi, tumia jiwe. Usifanye haraka, fuata waya mmoja mpaka mwisho, kisha wa pili.

5. Osha kwa sabuni. Mwagia maji ya moto, paka sabuni, sugua tena, kisha suuza kwa maji safi. Kumbuka kwamba maji ya ziwani na ya mtoni si safi kwa macho tu. Kipindupindu kinajulikana kando ya Ziwa Kivu. Mwaka 1994 kiliua maelfu mengi ya wakimbizi huko Goma. Maji ya kusuuza ya mwisho yawe yamechemshwa.

6. Kama pana kutu, kata ndimu, chovya katika chumvi, sugua mahali penye kutu, kisha suuza. Ndimu ije mwisho, wala isichanganywe na majivu, maana kimoja huvunja nguvu ya kingine.

7. Kausha na kupaka mafuta. Rudisha wavu motoni kwa dakika chache maji yakauke. Paka mafuta ya mawese membamba kwa kitambaa, kisha upashe tena moto kidogo. Mafuta haya machache huzuia kutu na huzuia nyama isishike. Tundika wavu juu ukutani, ndani ya nyumba, mbali na panya.

Kazi hii yote, ukiacha muda wa kungojea, haizidi nusu saa. Ukiifanya kila mara baada ya kuchoma, hatua za kwanza tatu zitakuwa nyepesi sana. Mwenye kuuza nyama kila siku na akwangue na kuosha kila jioni, na kupaka majivu mara moja kwa juma.

Pipa au mbabula yenyewe pia ina mafuta chini. Ondoa majivu ya zamani kila mara, kwanguа chini, na kutia majivu makavu kidogo yanywe mafuta yaliyobaki.

MAMBO YA HATARI

Usisafishe wavu kwa mafuta ya taa, ambayo kwetu huitwa petroli, wala kwa esansi ya pikipiki. Ni kweli yanaondoa mafuta. Lakini hubaki katika matundu ya chuma, na wavu ukirudi motoni hulipuka. Watoto wengi wameungua kwa njia hii. Tena petroli ikiwekwa katika chupa ya fanta, mtoto huinywa akidhani ni kinywaji.

Usichanganye maji ya javeli na ndimu, siki wala mkojo. Mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu inayochoma mapafu. Javeli si dawa ya mafuta. Kazi yake ni kuua vijidudu juu ya kitu kilichokwisha oshwa.

Usitumie asidi ya betri ya gari. Huchoma macho na mikono, na huacha risasi juu ya chuma. Risasi hudhuru akili za watoto.

Jihadhari na brosi ya waya. Nyuzi zake hukatika na kushika juu ya wavu, kisha huingia katika nyama. Kati ya mwaka 2011 na 2012, katika hospitali za mji wa Providence, Marekani, watu sita walitibiwa kwa sababu walimeza nyuzi kama hizo. Wengine zilichoma koo, wengine zilitoboa utumbo. Kama brosi hiyo ndiyo pekee uliyo nayo, pangusa wavu kwa kitambaa chenye maji baada ya kusugua, na kuutazama mchana penye nuru. Gunzi halina hatari hiyo.

Usiloweke sufuria ya aluminiamu katika maji ya majivu. Majivu makali huila aluminiamu. Wavu wa chuma haudhuriki.

Angalia wavu mpya wenye rangi ya fedha, kama ule wa kufungia kuku. Umepakwa zinki ili usishike kutu. Moto mkali hutoa moshi wa zinki. Mafundi wa kuunga vyuma waujua vizuri, maana huwaletea homa na baridi usiku. Wavu huo si wa kuchomea chakula. Tumia chuma kitupu. Vivyo hivyo usitumie pipa lililowekwa dawa za shamba, hata kama limeoshwa mara kumi.

KAMA MTU AMEUMIA

Ameungua kwa moto: mwagia mahali hapo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete na nguo ambayo haikushika ngozi. Usipake dawa ya meno, mafuta, asali wala kinyesi cha ng'ombe. Funika kwa kitambaa safi. Kama kidonda ni kikubwa kuliko kiganja cha mgonjwa mwenyewe, au kiko usoni, mkononi au sehemu za siri, au mgonjwa ni mtoto mchanga, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Majivu yameingia jichoni: fungua jicho na kulimiminia maji safi kwa dakika 20 bila kupumzika, kisha uje hospitali. Usingoje kesho. Maji ya majivu hula jicho kimya kimya.

Mtoto amekunywa petroli au maji ya majivu: usimtapishe. Kutapika huingiza petroli katika mapafu, na maji ya majivu huchoma koo mara ya pili. Mlete upesi, pamoja na chupa aliyonywea.

MASWALI

Je, mchanga hautoshi? Mchanga husugua, lakini hauyeyushi mafuta. Tena punje zake hubaki juu ya wavu na kuvunja meno. Ukitumia mchanga, suuza sana.

Je, ndimu peke yake haiondoi mafuta? Ndimu huondoa kutu na harufu. Kwa mafuta yaliyoganda nguvu yake ni ndogo.

Je, kitunguu cha kupanguzia wavu wenye moto chafaa? Kinafaa kwa kuondoa mabaki madogo kabla ya kuweka nyama. Hakichukui mahali pa kuosha.

Je, niondoe weusi wote? Hapana. Chuma kilichotumika vizuri huwa cheusi, laini na kikavu. Weusi huo hukilinda. Ujaribu hivi: pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na utelezi au magamba, rudia kazi. Kikitoka kikavu, wavu wako ni safi.

WAVU SAFI NA NYAMA SAFI

Kusafisha wavu hakuigeuzi nyama mbaya kuwa nzuri. Mnyama aliyekufa mwenyewe asiliwe, hata akichomwa juu ya chuma kinachong'aa. Nyama mbichi isikae karibu na nyama iliyoiva, na sahani iliyochukua nyama mbichi isipokee iliyoiva kabla ya kuoshwa. Hapa ndipo wengi hupotea: wanachoma vizuri, kisha wanairudisha nyama katika damu yake. Choma mpaka ndani pasiwe na wekundu wala maji ya damu. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kuchoma, na baada ya kushika nyama mbichi. Nyama iliyoiva isikae saa nyingi juu ya meza ikingoja wageni; iliwe ingali ya moto.

KUMBUKA HAYA

Anza wavu ungali na joto.
Kwangua, paka majivu, sugua, osha, kausha, paka mafuta.
Gunzi ni bora kuliko brosi ya waya.
Petroli na esansi ziwe mbali na wavu.
Javeli isichanganywe na kitu.
Watoto wakae mbali na moto na majivu.

Wasomee jirani zako maneno haya, hasa wale wauzao nyama sokoni na wale wapikao siku za karamu. Mteja hataona kazi yako ya jioni, wala mgeni wa arusi hatauliza ni nani aliyesugua wavu. Lakini watakula na kurudi nyumbani kwao wazima, na watoto wao pia.